Hodi ya Tatu

Mimi ni mwoga, na nataka hilo lijulikane mwanzo kabisa. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa miaka hamsini na minane amenunua gari, akaweka kitanda ndani na kwenda kulala porini peke yake, hudhani wanakaribia kusimuliwa habari za shujaa. Naogopa giza, naogopa mjusi, naogopa simu inayolia alfajiri. Nimeendesha gari miaka thelathini na bado nikivuka Likoni huuacha mlango wangu wazi kidogo, ili feri ikizama nipate pa kutokea.

Basi nilikwenda kufuata nini? Nilikimbia kelele. Nilizaliwa katika nyumba ya Mombasa yenye familia tatu, nikaolewa katika nyumba yenye familia nne, nikafanya kazi ya ukarani katika shule ambayo kengele yake ilining'inia nje ya dirisha langu. Mume wangu alipofariki na watoto wetu wanne wakatawanyika, vyumba tulivipangisha, nyumba ikajaa watu upya. Siku niliyostaafu nilitaka kitu kimoja tu, mahali ambapo naweza kunywa chai nisisikie mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Gari lenyewe lilikuwa la wagonjwa. Zahanati moja ya binafsi ilifungwa, vitu vyake vikauzwa, nami nikalipata. Fundi wa Ukunda alilipaka rangi ya maziwa, akaweka kabati la vyombo, tangi la maji na mapazia ya kitambaa kizito. Kile kitanda cha wagonjwa alikiacha palepale, akakiwekea godoro nene, kikawa kitanda changu. Rangi yake haikuwa nzuri kama maneno yake. Kabla hata sijaanza safari, baada ya miezi ya jua na chumvi, mstari mwekundu wa zamani ulianza kujitokeza ubavuni mwa gari. Niliuona, nikaamua kutouona.

Kaka yangu, ambaye amenizidi miaka miwili tu lakini amekuwa baba yangu tangu baba alipofariki, alikasirika wiki nzima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, akanifanya niliape nikiwa nimeshika mkono wake.

"Ukishafunga mlango umefunga," alisema. "Mtu akija usimjibu. Usiulize wewe ni nani. Ukimjibu tu, ashajua kwamba humo ndani mna mwanamke na yuko peke yake."

Nikaapa. Sikuhitaji kulazimishwa. Lile sharti lilinipendeza kuliko alivyojua.

Usiku wa kwanza niliulala Diani, nyuma ya nyumba ya mtu niliyemfahamu, na sikupata hata lepe la usingizi. Kitu kilikuwa kinalia juu ya paa, mlio wa mtoto mchanga aliyetupwa. Nilijifunika shuka hadi kichwani nikasoma kila sura niliyoihifadhi. Asubuhi nikaambiwa ni komba, mnyama mdogo wa macho makubwa, na kwamba kila mgeni huuliza swali hilohilo. Ufukweni nako hakukukalika. Nikiegesha tu, anakuja muuza shanga, kisha mwenye ngamia, kisha askari wa hoteli kuniuliza namsubiri nani. Nikaenda Shimoni. Watu wa Shimoni ni wema kupita kiasi, na wema wao ndio ulionishinda. Kila baada ya nusu saa mtu alipita kuniuliza kama nimekula, na mashine ya barafu ya samaki ilinguruma hadi alfajiri.

Siku ya nne nilipata nilichokuwa nakitafuta. Nilipoipita Msambweni, nilimkuta mwanamke anakaanga korosho kando ya barabara. Nilinunua, tukazungumza, nikamweleza shida yangu. Akanielekeza shamba la mikorosho la mumewe, mwendo wa robo saa kwa njia ya udongo, ng'ambo ya kijito.

"Egesha utakapo, mama," alisema. "Huko hakuna mtu."

Huko hakuna mtu! Nilikuwa nimesubiri kuambiwa maneno hayo karibu miaka sitini.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na ardhi ilikuwa laini, lakini nilifika. Mikorosho ilikuwa mikubwa, matawi yake yamelala hadi chini, na katikati palikuwa na uwanja wa nyasi uliotosha gari langu hasa. Nilizima injini. Nikasikiliza. Hapakuwa na redio, hapakuwa na pikipiki, hapakuwa hata na kuku. Nilisimama pale nikiwa nimefika mwisho wa safari yangu, na badala ya raha nikajikuta nimeugeukia mlango wa gari. Nilikuwa sijawahi kuwa mbali na watu kiasi kile. Ningepiga kelele, ni mkorosho gani ungenijibu?

Nilijisema na kujikaripia. Nikatoa jiko la mkaa, nikaliwasha chini ya mti, nikateleka chai. Baada ya swala ya alasiri nikasikia wanaume wanazungumza mahali fulani nyuma ya miti. Sauti zilikuwa za chini na za haraka, za watu wasiotaka kusikika. Sikungoja kujua zaidi. Niliiacha chai jikoni, nikavua ndara zangu mlangoni kama nilivyozoea, nikaingia, nikafunga kwa ufunguo, nikashusha mapazia. Jua lilikuwa bado liko juu. Naomba hilo likumbukwe, kwamba nilijifungia mchana kweupe.

Simu haikuwa na mtandao. Silaha sikuwa nayo, ila nilikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia yenye ulimi wa chuma, nami nikaichukua na kuipakata. Nikachungulia kwa upenyo wa pazia. Hatua thelathini hivi kutoka kwangu, chini ya mkorosho wa mwisho, walisimama wanaume wanne. Mmoja alikuwa na panga mkononi. Walikizunguka kitu kilichokuwa chini kwenye nyasi, ambacho sikuweza kukiona, na walikuwa wanalitazama gari langu. Mara wakanong'onezana, mmoja akatikisa kichwa kukataa. Nikasema moyoni, hawa wanabishana nani aje aniue.

Kisha nikasikia hatua nyepesi zinazunguka gari, na sauti ya mwanamke, taratibu kabisa, upande wa mlango.

"Hodi."

Nilikuwa nimesikia hadithi hizi, kwamba wezi humtanguliza mwanamke ili mlango ufunguliwe. Na ile sauti ya upole ndiyo iliyonitisha kuliko panga. Nikajibana kwenye kona ya kitanda, mbuzi mapajani.

Kimya. Kisha, baada ya muda wa mtu kuinuka na kujifunga kanga, ikaja tena.

"Hodi, mama."

Alijuaje kwamba ndani ni mama? Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikihofia hata pumzi yangu itasikika. Kikapita kimya cha pili, kirefu kuliko cha kwanza. Nje mtu alikohoa.

"Hodi wenyewe."

Sikuitika. Nyayo zikageuka, zikaenda zao kwenye nyasi, na nilizisikiliza hadi zilipopotea. Hakugonga bati. Hakujaribu kitasa wala kuchungulia dirishani. Niliinua mikono nikamshukuru Mungu kwa kuninusuru.

Nilikuwa bado nimeinua mikono wakati jambo fulani liliponijia na kunikaa vibaya. Alibisha hodi mara tatu. Nilizihesabu, kwa sababu mtu mwenye hofu huhesabu kila kitu. Mara tatu, na kila baada ya moja alinipa nafasi ya kujistiri, na baada ya ya tatu akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na bibi yangu nikiwa na miaka sita. Unabisha, unasubiri, unabisha, unasubiri, na usipoitikiwa ya tatu unarudi ulikotoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutotaka wageni. Pwani nzima tunalelewa hivyo. Mwizi gani huyu aliyekuja na adabu za bibi yangu?

Sitajisifu kwamba niliruka kwenda kufungua. Nilikaa. Nilijua ninachokijua na bado nilikaa, naitazama kufuli, nasema labda ni ujanja, labda wanasubiri nitoke. Sijui nilikaa muda gani. Zilikuwa dakika tano, au kumi. Ndizo dakika ninazozitafuta hadi leo.

Kilichoniinua si ushujaa. Kutoka kule kwenye mkorosho wa mwisho ilikuja sauti nyingine, mguno mrefu uliozuiwa kwa meno, ukapanda, ukashuka, ukaisha. Mguno ule naujua. Nimeutoa mimi mwenyewe mara nne.

Nilifungua mlango nikatoka mbio, miguu mitupu, kichwa wazi, na ile mbuzi ya nazi bado iko mkononi. Wanaume walikuwa wameshakiinua kile kitu chao na wameanza kuondoka. Kilikuwa kitanda cha kamba kilichofungwa miti miwili, na juu yake amelala msichana wa miaka ishirini na kitu, amefunikwa leso mbili. Walipogeuka na kuniona, mmoja wa wabebaji alipiga kelele na karibu auachie mti wake. Mwanamke aliyekuwa akitembea pembeni, mwenye umri wa kuwa mdogo wangu, akasimama. Uso wake ulikuwa umekauka kwa woga. Lakini alinitazama, akaona mvi zangu, na akatanguliza kile ambacho hutangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nilisema. "Mleteni! Mleteni garini!"

Yaliyobaki niliyaelewa vipande vipande huku tukimwingiza. Msichana ni mke wa mwanawe. Uchungu ulimwanza tangu usiku, mtoto hashuki, mkunga wa kijijini amesema apelekwe hospitali. Bodaboda wote wamekataa kwa sababu ya matope na kijito kilichojaa. Wakakata miti kwa lile panga, wakafunga kitanda, wakashika njia ya miguu kuifuata barabara. Walipokatiza shambani wakaliona gari jeupe lenye mstari mwekundu. Walidhani Mungu amewaletea gari la wagonjwa.

Tulimlaza kwenye kitanda changu, ambacho kimsingi kilikuwa kinamngoja yeye siku zote. Nilikaa kwenye usukani, na injini ikanizimikia mara mbili kabla gari halijaondoka. Sijawahi kuendesha kwenye tope. Ile njia niliyoingilia kwa utulivu sasa ilikuwa na mifereji miwili ya maji, na gari lilikwenda upande, kisha likaenda upande mwingine, nami nikawa naushika usukani kwa mikono miwili na kupiga kelele kila lilipoteleza. Wanaume walikimbia nyuma wakisukuma. Nilianza kusoma Ayatul Kursi, nikaikosea katikati, nikaanza upya, nikaikosea palepale.

Kwenye kijito nilisimama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na hayakuonyesha chini.

"Siwezi," nilisema kwa sauti. "Siwezi, tutazama."

Wale wanaume hawakunibembeleza wala kunibishia. Wawili waliingia majini, mmoja kila upande, yakawafika mapajani, wakasimama pale njia ilipo. Nikapita kati yao nikiwa nimefumba jicho moja. Sitanii. Nililifumba.

Tulipopanda upande wa pili, mama mkwe alisema nyuma yangu, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mama, kichwa kinatoka."

"Nisimame?"

"Enda."

"Nitaendaje na—"

"Enda, mama!"

Tulifika lami na hapo akaniambia nisimame. Nilivuta breki nikageuka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni kwangu, katikati ya sufuria zilizoanguka, na mikononi alikuwa na mtoto. Wa kiume. Alikuwa na rangi ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo, na hakuwa analia. Yule mwanamke alimfuta mdomo kwa pembe ya leso. Akamgeuza, akamsugua mgongo, akamfuta tena. Niliangalia mkono mdogo ukining'inia. Nikahesabu tena, kwa sababu nilikuwa na hofu, na kila nilichohesabu kilikuwa hodi moja, hodi mbili, hodi tatu, na mimi nimekaa kitandani na mbuzi ya nazi.

Akalia. Ulikuwa mlio uleule wa juu ya paa la Diani, na safari hii nilitamani usikome. Lakini mama mkwe hakutabasamu. Alikuwa anatazama godoro langu.

"Damu haisimami," alisema. "Enda sasa, upesi."

Nilikwenda. Sikumbuki barabara. Nakumbuka lango la hospitali, mikono mingi, mlango wa nyuma ukifunguliwa, kitanda cha wagonjwa kikitolewa garini mwangu kama kilivyoundwa kutolewa, na mimi nimebaki nimeushika usukani wa gari lililosimama.

Hawakutuambia neno hadi asubuhi. Tulikaa kwenye benchi usiku kucha, mimi na yule mwanamke, tukaswali alfajiri kwa kupokezana mkeka mmoja wa kuazima. Nesi alipotoka alisema mama na mtoto ni wazima, na kwamba yule binti ameongezwa damu.

"Mmewahi," alisema. Kisha, akiwa ameshageuka, akaongeza, "Kidogo tu."

Niliyabeba maneno hayo mawili hadi kwenye kibanda cha chai nje ya lango. Nilimnunulia mwenzangu chai na mahamri, tukala. Nikatamani sana asiniulize. Hakuniuliza. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Mlidhani garini hamna mtu," nilisema, nikimwekea jibu mdomoni.

"La, mama. Tulijua umo." Alisema hivyo bila lawama yoyote, huku akichovya andazi. "Ndara zako zilikuwa mlangoni. Na chai ilikuwa inachemka jikoni. Nikasema labda mwenyewe yuko kwenye swala."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningesema ndiyo, nilikuwa naswali, mambo yakaisha.

"Sikuwa naswali," nilisema. "Nilikuwa nakusikia. Niliogopa."

Aliliweka andazi chini. Kisha, sikulitarajia, akacheka, cheko la mtu aliyechoka.

"Hata sisi tulikuogopa. Mwanamke peke yake, msituni, ndani ya gari lenye mapazia? Wanaume wale walikataa kusogea, walisema wewe si mtu. Ndiyo maana nikaja mimi. Ulipotoka na ile mbuzi mkononi, mume wangu alisema, mwaona, niliwaambia."

Nilicheka naye hadi machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kucheka.

"Lakini kwa nini hukugonga?" nilimwuliza. "Ungepiga bati. Ungepiga kelele, ukasema kuna mgonjwa. Mke wa mwanao alikuwa anakufa!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwuliza kwa nini hakubomoa ukuta wa mtu.

"Nilishabisha hodi tatu, mama," alisema.

Kaka alinipata kwenye simu adhuhuri. Alitaka kujua jambo moja tu, kama nilifunga mlango. Nikamwambia nilifunga.

Gari bado ninalo. Godoro nimebadilisha, mstari mwekundu nimeuacha. Huwa narudi shambani kwa mikorosho, na nimekwenda kwingine pia, upande wa Gazi na hata ndani huko Kinango. Bado naogopa giza na mijusi. Lakini sasa kabla sijateleka chai huzunguka kwanza nyumba zote za karibu, nabisha hodi mimi, najieleza kwamba lile gari ni langu, kwamba niko peke yangu, na kwamba wakiwa na shida wagonge, wapige bati kwa jiwe, wasihesabu. Wenyewe hucheka, hunikaribisha, husema inshallah. Na mimi nawajua, maana nimelelewa nao. Watasimama nje ya mlango wangu na watabisha kwa upole mara tatu, kisha wataondoka. Basi naiacha taa ikiwaka, na silali fofofo.